Chagua Mguu

Kona ya timu ya Korovatu ilikuwa inasubiri kupigwa, dakika ya thelathini na moja, beki wa Nasolo aitwaye Manasa Vuetibau alipomsogelea mshambuliaji wao Sakeasi Tuinamoli mpaka majasho yao yakachanganyika. Akamnong'oneza sikioni.

"Wa kushoto au wa kulia? Chagua mguu."

Sakeasi akacheka. Ndivyo mpira ulivyo: mabeki hutisha, washambuliaji hutania, na jioni wote hunywa kava, kinywaji cha mizizi, kwenye bakuli moja. Akajipiga paja la kulia, paa. "Chukua huu, kaka. Wa kushoto ndio unaonilisha."

Kona ikapigwa, mpira ukaondoshwa kwa kichwa, ukamdondokea Sakeasi nje kidogo ya boksi. Akautuliza kwa kifua, akampiga chenga mtu wa kwanza, akauinua mguu wa kushoto, akapiga. Mpira ulikuwa umeshaondoka Manasa alipofika. Alitokea hatua sita nyuma, akaruka na miguu yote miwili, njumu mbele, akatua kwenye ugoko wa mguu huohuo. Mlio ule ulisikika mpaka jukwaa la mbali. Mfupa ulitoboa soksi, damu ikamrukia refa kwenye kaptura, na refa, mtu mzima mwenye wajukuu, akatapika kwanza ndipo akatoa kadi nyekundu.

Sakeasi hakuzimia, na heri angezimia. Aliuona mguu wake umelala upande ambao mguu haulali. Alimwona Manasa anatoka uwanjani taratibu, anajifuta uso kwa jezi, kama fundi aliyemaliza kazi ya siku. Wenzake wa Korovatu walimrukia Manasa mlangoni mwa vyumba vya kubadilishia nguo, ngumi zikatembea, kipa wa Nasolo akang'olewa meno mawili ambayo hayakuwa na kosa lolote. Sakeasi alikuwa juu ya machela, anauma mkanda wa daktari wa timu.

Hospitali ya Suva walimtia chuma ndani ya mfupa na skrubu kumi na moja. Daktari hakuwa mtu wa kupindisha maneno.

"Utatembea," akamwambia.

"Na mpira?"

"Nimesema utatembea."

Mwezi uliofuata Sakeasi alikuwa aende Brisbane kufanyiwa majaribio na klabu ya huko. Ana miaka ishirini na sita. Aligeukia ukutani, akalia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba ahamishwe.

Siku ya tisa, akiwa amelala kwenye mkeka nyumbani na mguu umefungwa plasta mpaka pajani, wageni wakafika kutoka Nasolo. Mbele alitangulia mzee Ilimeleki, baba yake Manasa, ameishika tabua kwa mikono miwili, jino la nyangumi la kale, jekundu kwa mafuta na moshi wa miaka. Manasa alifuata nyuma anatambaa, kichwa chini. Wakaketi karibu na mlango, mahali pa wanaojishusha. Ilimeleki akasema kijana wao ameteleza, ni ajali ya mchezo, nao wamekuja kuuzika ubaya huu ili usiote tena.

Sasa, kwetu mtu akiletewa tabua namna hiyo, ana mambo mawili tu: aipokee au aiache pale sakafuni, na kuiacha ni kutangaza vita. Mzee Peceli, baba mkubwa wake Sakeasi na mkuu wa ukoo wao, hakuiacha. Aliipokea, akaibusu, akapiga makofi mazito ya viganja vilivyokunjwa. Kava ikakorogwa. Mzee alisahau jambo moja tu, kumuuliza mwenye mguu. Sakeasi alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, anasikia neno "ajali" linapita mlangoni mwake, hana nguvu hata ya kutukana.

"Limekwisha," Peceli alimwambia jioni ile, akimlisha muhogo na samaki wa tui kwa mkono wake mwenyewe. "Tabua imeshapokewa. Kwenye kamati ya nidhamu utasema ulikuwa mchezo, basi. Atakayelifukua neno hili ataivua nguo nyumba nzima."

Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mwanaharamu hakupita. Alikuwa amelala ndani ya plasta, anawasha usiku kucha.

Kamati ya nidhamu ilikaa wiki ya tatu, chumba kidogo chenye feni mbovu, mwenyekiti Bi Nirmala Pillay, mama aliyewahi kuwa wakili. Kanuni yao ilikuwa fupi. Rafu ya kuteleza, kufungiwa mechi nne. Rafu ya kudhamiria, miaka saba, na Manasa ana ishirini na tisa, kwa hiyo miaka saba ni kaburi. Tofauti ya mechi nne na kaburi ilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Wakili wa Nasolo alieleza habari ya tabua kwa sauti tamu. Wajumbe wawili, watu wa mila, wakawa wanaitikia kwa kichwa. Sakeasi alifanya hesabu yake kimyakimya: mechi nne ni mwezi mmoja. Yule atarudi uwanjani, na huyu hata plasta haijakatwa.

"Bwana Tuinamoli," Bi Pillay akasema, "kuna kitu kwenye picha za mechi kinanisumbua. Kabla ya kona, beki huyu anakuinamia sikioni. Wewe unacheka, unajipiga paja la kulia. Mlikuwa mnaongea nini?"

Mzee Peceli, kwenye kiti cha nyuma, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kumkumbusha mtoto adabu zake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sakeasi alianza na kuvunjika, ndipo akakataa kusikia. "Aliniuliza nichague mguu," akasema. "Wa kushoto au wa kulia. Nikadhani utani, nikampa wa kulia. Nikamwambia wa kushoto ndio unaonilisha. Akauchukua huo."

"Muongo!" Manasa aliruka meza. "Muongo wewe! Umekula tabua yetu kisha unatapika!" Akamkaba koo, kiti kikaenda chini na watu wawili juu yake, plasta ikagonga sakafu na Sakeasi akapiga ukelele uliowatoa makarani wa ofisi ya jirani. Akampata Manasa kwa kiwiko mdomoni, mara mbili, kwa raha ambayo hakuwahi kuipata hata kwenye kufunga bao. Ilibidi watu watano wawaachanishe. Bi Pillay akapangusa damu iliyodondokea karatasi zake, akasoma uamuzi kabla feni haijaikausha iliyobaki. Miaka saba.

Sakeasi alitoka mshindi, na ushindi ule ulidumu mpaka mlangoni kwao.

"Umenivua nguo," mzee Peceli akasema walipoingia ndani. "Neno langu kesho litakuwa na thamani ya ganda la nazi. Keshokutwa tunakwenda Nasolo. Nairudisha tabua yao, na yetu juu yake. Nawe utakwenda."

"Nikaombe msamaha kwa mtu aliyenivunja?"

"Si kwa mguu. Kwa mdomo wako. Mguu nilishausamehe."

"Ulikuwa wako?"

Mzee akamzaba kofi. Lilikuwa kofi la mkono wa mtu wa shamba, Sakeasi akaonja chumvi. Angeweza kumwangusha kwa mkono mmoja. Lakini mzee mwenyewe alikuwa ameanza kulia, amesimama katikati ya nyumba, mikono inaning'inia, na huyu ndiye aliyemlea tangu baba yake azame mtoni. Sakeasi akaona aibu iliyompita kimo.

"Nitakwenda, baba mkubwa," akasema. "Ila siombi radhi kwa kusema uongo. Nilisema kweli."

"Najua ulisema kweli," mzee akajibu. "Ndiyo maana siwezi kulala."

Wakafika Nasolo. Nyumba ya Ilimeleki ilijaa wanaume wa ukoo, mabega kwa mabega, na vijana wawili walitema mate Sakeasi alipopita. Aliteremka kwenye mkeka kwa shida, magongo yake akayalaza ubavuni. Mguu wa plasta haukunjiki, ukanyooka kuwaelekea wenyeji, na hakuna tusi baya kuliko kumnyooshea mkubwa mguu nyumbani kwake. Mama mmoja akaja haraka, akaufunika kwa kitenge, akaondoka bila kumtazama.

Mzee Peceli akasogea mbele kwa magoti, meno mawili ya nyangumi mikononi. Alisema mtoto wake amelifukua lililozikwa, na kama kuna hasira, imshukie yeye.

Ilimeleki hakunyoosha mkono. Tabua zikabaki hewani mikononi mwa mzee Peceli. Vijana wa Nasolo wakajiweka sawa. Sakeasi akalishika gongo lake, akijua wazi kwamba leo atavunjwa hata mguu wa pili.

"Ngoja," Ilimeleki akasema. Akageuka. "Manasa. Njoo hapa."

Manasa akaja, mdomo bado umevimba, akaketi mbele ya baba yake.

"Nilikwenda kwa watu hawa na tabua ya babu yangu, nikasema ajali. Ni wewe uliyenipa neno hilo. Maneno anayoyasema kijana huyu, uliyasema?"

"Baba, yule ni..."

"Sikukuuliza habari zake. Uliyasema?"

Manasa aliwatazama ndugu zake mmoja mmoja, na hakuna aliyempa jicho.

"Niliyasema," akajibu. "Kocha alisema tusipomzuia tunashuka daraja. Nikamzuia."

Ilimeleki akainuka. Akapita juu ya mkeka, akainama, akalinyofoa gongo kutoka mkononi mwa Sakeasi, na pigo la kwanza likamshukia Manasa mgongoni kabla watu hawajaelewa kinachotokea.

"Umeniingiza nyumba ya watu na uongo!" Pigo. "Nimetambaa, mimi!" Pigo. "Nimetambaa na uongo mkononi!"

Manasa hakuinua mkono. Mtu mwenye mapaja kama magogo alikaa pale anapigwa na mzee wa miaka sabini, na kwetu hivyo ndivyo ilivyo, mtoto hamzuii baba. Pigo la tano lilipasua sikio. La saba lilimpata kwenye mfupa wa bega, na kila aliyekuwa mle alisikia kitu kimeachia. Mama yake akalia huko jikoni. Ilimeleki alihema, akapiga, akahema, na wanaume wa Nasolo wakawa hawamtazami Manasa tena. Walimtazama Sakeasi. Aliyekosewa ndiye mwenye neno la kusimamisha. Mwingine yeyote akilisema ni upepo.

"Sema basi, mwanangu," Peceli akamnong'oneza. "Inatosha. Sema."

Ilikuwa pigo la kumi. Damu ilikuwa imeshalowa mkeka mpaka karibu na kitenge. Sakeasi alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa hata na hasira, hasira angeielewa. Alikuwa na utulivu, ule wa mtu anayekunywa maji baada ya mechi. Likashuka la kumi na moja. Likashuka la kumi na mbili, na Manasa akainua uso, jicho moja limefumba, akamtazama yeye, si baba yake. Alikuwa anaomba. Sakeasi alimwona anaomba, akaliacha la kumi na tatu lishuke.

"Basi," akasema.

Ilimeleki akaacha palepale. Akazipokea tabua zote mbili, akazibusu, akapiga makofi kwa viganja vyekundu, na wanaume wakajibu makofi, neno likazikwa upya. Kisha akamrudishia Sakeasi gongo lake. Lilikuwa limelowa mahali pa kushikia.

Njiani kurudi mzee Peceli alizungumza sana, amefurahi kama mtu aliyeshushiwa mzigo, anasema sasa ni haki bin haki, kila mtu amepata chake. Sakeasi aliitikia ndiyo, baba mkubwa. Mapigo kumi yalikuwa ya Ilimeleki, hayo hakuwa na shida nayo. Matatu ya mwisho yalikuwa yake mwenyewe, na hakuna kamati itakayomwita kuyaeleza.