Mashine Iliyopimwa kwa Viwiko

Kisu kilipita, slesi ikalala. Kikapita tena, nyingine ikaegemea mwenzake. Chepchirchir alikuwa amemaliza kreti nzima bila kuukumbuka hata mkate mmoja, maana mikono yake ilikuwa mezani, katika bekari ya Mogogosiek, lakini moyo wake ulikuwa umetangulia kwenye kona ile penye kitu kilichofunikwa kwa gunia.

Ukungu ulikuwa haujaondoka. Uliingia kwa dirisha, ukakutana na mvuke wa tanuri, vikawa kitu kimoja, hata ukimtazama mtu wa upande wa pili wa meza unaona kama naye anaota. Upande huo alikuwa Velma, mrefu, ameinama kama mwanzi uliobeba umande. Kando yake alikuwa Chepchumba, mfupi, amepanda juu ya kreti ya soda ili mikono yake ifike. Wote watatu walikuwa wachuma majani ya chai zamani, shamba moja la kampuni, mpaka zilipokuja mashine za kuchuma. Watu wawili wanashika huku na huku, mashine inanguruma juu ya michai, mfuko unavimba nyuma kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi kupita kiasi. Kazi ya watu wengi ikawa ya wawili. Waliobaki wakaambiwa watoke kwenye nyumba za kampuni, na watu wakatoka, na magodoro yao, na kuku wao.

Sasa walikata mkate. Kifundo cha mkono wa kulia wa Chepchirchir kilikuwa kimevimba tangu mvua za mwaka uliopita, na kila asubuhi alikifunga kwa kitambaa kilichochanwa kutoka sketi kuukuu ya kanisani. Velma alilia mgongo. Chepchumba alilia mabega, na usiku alipomnyonyesha mtoto ilibidi mumewe amshikie kichwa cha mtoto.

Mwenye bekari alikuwa Wakonyo, ambaye kila mtu alimwita Mama Kim. Watu wake walikuja kutoka upande wa Nyeri zamani, wakafungua duka, duka likazaa bekari. Hakuwa mtu mbaya. Unga ulipopanda bei alinyamaza. Ulipopanda tena akaufupisha mkate kwa upana wa kidole, na wateja wakalalamika. Stima nayo ilipopanda akawaambia wale wanawake bila kuzunguka kwamba ataleta mashine kubwa kutoka Nairobi, kijana mmoja ataiendesha, na wao watapumzika. Alisema watapumzika, kama mtu anayekupa zawadi.

Hapo ndipo Chepchirchir alipoomba jambo ambalo hata yeye lilimshangaza likitoka kinywani. Alimwomba amngoje. Angetengeneza mashine ndogo yake mwenyewe, na ikikata sawasawa, wao watatu wabaki, na ile kubwa isije. Mama Kim alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema atangoja mpaka shule zifunguliwe. Na leo shule zilikuwa zimefunguliwa. Shule moja ya bweni upande wa Boito ilikuwa imeagiza mkate wa wanafunzi wote, uwe umekatwa tayari.

Mashine hiyo ilianza kwa ugali. Jioni moja nyumbani alikuwa akiukata ugali wao, kimnyet, kwa uzi, kama mama yake alivyokata, ukiwa mgumu na moto, uzi ukipita bila kuubomoa, akajiuliza kwa nini uzi uwe mmoja. Akafunga nyuzi nyingi kwenye fremu ya dirisha lililovunjika, akaushusha ugali katikati yake. Ukatoka slesi. Wajukuu wakala ugali wa slesi, wakataka hivyo kila siku. Tangu siku ile alikuwa akilala na mashine hiyo. Aliiona katika moshi wa jiko, katika povu la maziwa akikamua, na kanisani, kasisi akihubiri, yeye akigeuza magurudumu kichwani polepole.

Akauza mtamba wake mweusi, akaenda kwa Gichana, fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko. Gichana alikuwa na mota iliyotolewa katika mashine ya kufulia nguo iliyokufa. Nyuzi ziligeuka kuwa nyembe nyembamba za msumeno, zimesimama bega kwa bega ndani ya fremu, zikipanda na kushuka. Mkate unalazwa kwenye mteremko wa bati laini, na uzito wake wenyewe unausukuma, hakuna mkono unaokaribia meno. Ukifunga mfuniko inaanza. Ukifungua inanyamaza. Chepchirchir alitaka isizidi upana wa kigoda, ili mtu mmoja aibebe peke yake, kwa sababu bekari ilikuwa ndogo na sakafu ililazimika kuoshwa kila jioni.

Lakini lililomsumbua zaidi ni kimo. Gichana alitaka aambiwe futi ngapi. Chepchirchir akarudi bekari na kamba, akampima Velma kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, akafunga fundo. Akampima Chepchumba, akafunga fundo. Akajipima mwenyewe. Kwa hiyo miguu ya mashine ilitobolewa matundu, ikapanda na kushuka kwa pini, tundu la mrefu na tundu la mfupi, na ukiishusha kabisa unaweza kuketi. Vishikio alivifunga kwa tyubu ya baiskeli, visiwe baridi asubuhi.

"Kogo," Velma alimwambia asubuhi ya kuijaribu, akimwita nyanya kama wote walivyomwita, "ikikataa tutasema ni ya Gichana. Ikikubali ni yetu."

Siku ilianza vibaya. Stima ilikuwa imepotea alfajiri, unga ukakandwa kwa mkono, mkate wa shule ukachelewa kuingia tanurini. Halafu akaja afisa wa kaunti, viatu vyake safi, akauliza mashine ina leseni gani. Hakuna aliyejua kama kuna leseni ya kitu kama hicho. Yeye mwenyewe hakujua. Alitafuta katika simu yake muda mrefu, akaamua kwamba haiwezekani ikose, akaeleza kwamba angeweza kuifunga bekari lakini ana moyo. Mama Kim akamfungia mikate miwili katika gazeti. Akaondoka nayo kwapani, akaahidi kurudi kukagua.

Stima iliporudi, pikapu ya shule ilikuwa mlangoni, dereva ameegemea honi. Zacheus, mwokaji, akavuta trei zake za kwanza. Mama Kim akasimama, mikono kifuani. Chepchirchir akaondoa gunia. Aliuchukua mkate wa kwanza kwa vidole vilivyozoea moto, akaulaza kwenye bati, akafunga mfuniko.

Mashine iliguna. Ilikata kidogo, ikasita, ikaanza kutafuna. Harufu nzuri ya mkate ikageuka harufu ya mpira unaoungua. Alipofungua, mkate ulikuwa umekuwa uji mzito katikati ya meno, ganda limechanika kama shati la mlevi. Akasafisha kwa kijiti, akatia wa pili. Ukawa vile vile. Chepchumba akageuza uso. Velma akachukua kisu chake bila kuambiwa, akaanza kukata kwa mkono, haraka.

"Basi," Mama Kim alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Umejaribu, Chepchirchir. Nitampigia yule mtu wa Nairobi mchana."

Chepchirchir alitoka nje, akaketi juu ya gogo la kuni. Mbele yake michai ilishuka bondeni, kijani juu ya kijani, ukungu ukitambaa juu yake, na kwa kitambo hakuwa mtu wa bekari wala wa mahali popote. Alikuwa msichana mwenye kikapu mgongoni, anakimbia. Karani amesimama kwenye mizani, lori linanguruma, na nyapara anaimba wimbo wake ule wa kila siku, kwamba jani halingoji, jani likingoja linapata homa, linakuwa jekundu, linakuwa la kutupwa. Miaka yote hiyo walikimbia na kitu kibichi mikononi.

Zacheus alitoka kumwaga majivu, akasimama karibu naye. Alikuwa amejifunza kazi Nakuru, hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Kogo, nikuulize kitu na usikasirike," alisema. "Kwa nini nyinyi hukata mkate ukiwa moto?"

"Tungoje nini?"

"Ulale. Kule nilikojifunza, mkate hutoka tanurini unalala kwanza. Ndani bado ni mbichi, unahema. Nilipofika hapa nikaona mnaudaka hata kabla haujatua, nikafikiri ni mila yenu."

Chepchirchir alimtazama. Ilikuwa kweli. Wao watatu, tangu siku ya kwanza, walikata mkate moto, na hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Waliukimbiza kama jani. Na mkono ulikuwa ukiusamehe. Mkono ulijua kulegea, kuegemesha kisu, kungoja kidogo pale penye ulaini, kupangusa, kuendelea. Labda kusamehe huko ndiko kulikokuwa kumeuvimbisha. Nyembe za msumeno hazijui kusamehe.

Akaingia, akamwomba Mama Kim mikate ya trei moja ilale mpaka ipoe. Dereva akatukana kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis. Mama Kim alitazama saa, akatazama rundo la Velma ambalo halikuwa na haraka ya kukua, akasema sawa, trei hiyo tu. Ikawekwa dirishani. Ukungu ukapita juu yake kama mtu anayepuliza uji wa mtoto. Chepchumba alipapasa mgongo wa mkate mmoja kwa kiganja, vile unavyompapasa mgonjwa, mpaka akaitikia kwa kichwa kwamba tayari.

Safari hii mashine haikuguna. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayepasua kanga mpya dukani. Mkate ulishuka wenyewe, polepole, ukaingia mzima ukatoka slesi, zimesimama pamoja kama hazijui bado kwamba zimeachana. Chepchirchir akazisukuma kwa kidole zikaanguka moja baada ya nyingine. Velma akacheka mpaka akashika mgongo. Akaishusha na kuipandisha ile miguu, akaipandisha mpaka kwenye fundo lake, akatia mkate amesimama wima, na ilikuwa mara ya kwanza watu wa bekari ile kumwona kwa urefu wake wote. Chepchumba naye akashusha, akaketi. Trei ikaisha, na nyingine iliyokuwa ikingoja zamu ikawa imelala vya kutosha, nayo ikaisha. Dereva mwenyewe alikuja kuchungulia, akasahau honi.

Chepchirchir alikuwa amesimama katikati ya mvuke, mikono imening'inia bila kazi, kifundo kimetulia, na aliwaza kwamba labda hivi ndivyo watu matajiri wanavyojisikia asubuhi.

Mama Kim alimvuta kando, karibu na magunia ya unga.

"Imekubali," alisema. "Siwezi kukuficha, nimefurahi. Ile ya Nairobi haiji. Sasa nisikize vizuri. Hii kazi naona ni ya mtu mmoja. Kaa wewe na mashine yako. Hao wawili nitawaambia jioni."

Chepchirchir alifikiri hakusikia. "Niliipima kwa kiwiko cha Velma," alisema.

"Najua."

"Na cha Chepchumba. Tulikubaliana tubaki watatu."

"Tulikubaliana kabla unga haujapanda wiki hii. Umeona bei? Kuni, stima, na yule wa viatu safi atarudi." Mama Kim alisugua macho, na vidole vikamwachia unga usoni. "Si mimi ninayepandisha, mama. Unaniangalia kama ni mimi."

"Si wewe," Chepchirchir alikubali. Alijua si yeye. Alijua pia kwamba mwenye kosa hakuwa yule karani wa mizani, wala nyapara, wala mtu aliyekuja na orodha ya nyumba za kuhamwa. Maisha yake yote hakuwahi kukutana na mtu ambaye ndiye.

Alirudi mezani. Chepchumba alikuwa ameketi mbele ya mashine, amefumba macho, anasikiliza mkate ukishuka, uso wake umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri. Chepchirchir akangoja mkate huo uishe. Halafu akafungua mfuniko, mashine ikanyamaza. Akachomoa waya ukutani, akauzungusha mkononi.

"Unafanya nini?" Mama Kim aliuliza.

"Ninaenda nayo."

"Mkate wa shule haujaisha."

"Visu viko hapo. Mashine ni mtamba wangu."

"Unaipeleka wapi? Kwako tokeni za stima zimeisha, ulisema mwenyewe juzi."

"Zimeisha."

"Sasa itafanya nini huko?"

"Itakaa," Chepchirchir alisema. "Lakini haitamtoa mtu kazini."

Mama Kim akasema polepole, kama anayemsihi, kwamba ataileta basi ile kubwa, na ikija watatoka wote, hata yeye Chepchirchir aliyekuwa amepata nafasi. Akauliza kama amesikia. Amesikia. Velma alikuwa amesimama na kisu mkononi, akimtazama huyu na kumtazama yule, na hapo ndipo alipoelewa kilichokuwa kimesemwa penye magunia. Akakiweka kisu mezani. Dereva akaanza honi upya.

Chepchirchir alivuta pini, akakunja miguu ya mashine, akainama kuiinua. Velma akaja akashika upande mmoja. Chepchumba akavua aproni, akaitundika, akashika nyuma. Walipita mlangoni kwa shida, wakapita kando ya pikapu, wakaingia kwenye njia ya katikati ya michai ambako ukungu ulikuwa bado mzito. Mmoja alikuwa mrefu na mmoja mfupi, mashine ikaegemea huku, ikaegemea kule, magoti yakagongana, wakasimama mara nyingi kubadilisha mikono.

Ilikuwa imetengenezwa ili mtu mmoja aibebe. Waliibeba watatu.