Kopo la Mafuta ya Goodness

Mume wangu Gerson ni mpole kwa kila kitu isipokuwa kompyuta. Hawezi kuiacha iende kwa mwendo iliotoka nao kiwandani. Lazima aiongezee umeme, aisukume, aichochee mpaka ipate joto na kujizima, kisha ananiangalia mimi. Ananiangalia kwa sababu mimi ni fundi wa friji, na joto ndiye adui ninayemfahamu.

Kibao changu kipo Ilomba, hapa Mbeya. Nilikiandika mwenyewe kwa rangi ya bluu: FUNDI TUMPE, FRIJI NA BARIDI ZOTE. Hilo neno la kwanza ndilo lililozua ugomvi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sosthenes wa Iringa. Alinifundisha kulehemu mrija wa shaba, kujaza gesi, kusikiliza kompresa kwa sikio, na kwa hayo namshukuru. Lakini hajawahi kumwita mwanafunzi wake hata mmoja fundi. Kwake yeye fundi ni mmoja tu Nyanda za Juu zote, naye humwona kwenye kioo kila asubuhi anaponyoa ndevu.

Basi nilikwenda karakanani kwake kutafuta kompresa ya friji kuukuu la soda, na mdomo wangu ukaniponza. Nikamwambia nataka kuipoza kompyuta ya Gerson mpaka nyuzi thelathini chini ya sifuri. Akaweka chini kikombe cha chai, akacheka mpaka wateja wakaja kuchungulia.

"Binti, friji linagandisha samaki. Umeme na barafu vikae nyumba moja?"

"Nitavikalisha, mzee."

"Haya. Ulete hicho kitu siku ya maonyesho ya mafundi, pale ukumbini. Kikifanya kazi mbele za watu, nitakuita fundi kwa mdomo wangu. Kikizima, ung'oe kile kibao chako, urudi hapa unishikie spana."

Mtu mwenye akili zake angecheka naye akaondoka. Mimi nilimpa mkono, tena mbele ya wale wateja.

Tulikifunga sebuleni. Kilikuwa friji lisilo na kabati: kompresa juu ya ubao, mirija ya kutolea joto nyuma yake, feni, na mrija mwembamba unaoishia kwenye kikombe cha shaba nilichokilehemu mwenyewe. Gesi inapita kwenye ule mwembamba kwa kubanwa, ikifika kikombeni inapanuka na kunyonya joto lote. Gerson alikikalisha kikombe juu ya prosesa, ule moyo wa kompyuta, akakifunga kwa skrubu.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la watu wa Mbeya. Sisi baridi tunaiona ndugu yetu. Ilikuwa Julai, asubuhi, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka jirani haonekani, Gerson akasema, "Mama Goodness, fungua dirisha, tupate na baridi ya bure." Nikafungua mpaka mwisho.

Kipimo kilishuka, kikapita sifuri, kikazidi kushuka. Nilicheza katikati ya sebule, kanga ikanidondoka. Kisha kioo kikawa cheusi, ti. Tulipofungua tulikuta mazabodi, ule ubao wa ndani unaobeba vyote, imelowa chapachapa. Ukungu tulioukaribisha wenyewe ulikuwa umegusa ile baridi ukageuka maji, na maji yakaingia kwenye umeme. Tuliianika juu ya bati, tukaiweka kando ya jiko, wapi. Imekufa.

Nilimfokea Gerson, nikalifokea na dirisha. Alikwenda chumbani akafungua kompyuta yake ya kazi, akatoa mazabodi yake na kuniwekea mezani. Ndiyo iliyobaki. Nilijisikia vibaya sana, na usiku kucha nilikiona kibao changu kimeegemezwa ukutani kwa Mzee Sosthenes.

Asubuhi mama mkwe wangu, Mama Lusia, aliyekuwa amekuja na mchele kutoka Madibira, alikuwa anamwandaa mwanetu Goodness kwenda shule. Alimkandika mafuta ya mgando usoni mpaka mtoto akang'aa.

"Mama, unampaka au unamkaanga?" nikamtania, ingawa sikuwa na raha.

"Nyamaza wewe mpishi wa barafu. Huyu anaingia kwenye ukungu. Ukimpaka kwa kubania, uso unapasuka."

Nilimsindikiza Goodness mpaka barabarani. Tulipofika, mashavu yake yalikuwa na matone madogo ya ukungu. Yalikuwa yamekaa juu juu tu. Nikagusa moja kwa kidole, likateleza likaanguka. Nikamgeuza uso huku na huku, kila tone vilevile, mpaka akalalamika kwamba atachelewa kuhesabiwa namba shuleni.

Nilirudi mbio. "Baba Goodness! Mafuta ya mgando yanapitisha umeme?"

Gerson alichomeka ncha za mita ndani ya kopo. Mshale haukutikisika. Akaniangalia, nikamwangalia, tukaanza kucheka kama wehu.

"Hilo kopo ni la mtoto!" Mama Lusia akapiga kelele.

Tulilimaliza. Tuliipaka mazabodi kila kona na kila tundu kuzunguka prosesa, tukaizungushia sehemu ya chini ya kile kikombe cha shaba sponji tuliyoikata kwenye godoro, hewa isipate pa kupita. Tulifunga na dirisha.

Safari ya Iringa nayo ilikuwa vita. Konda alitaka kukilaza kifaa changu kwenye buti. Kompresa ikilazwa, oili inakimbilia kwenye mirija, nami sikuwa tayari kumfundisha ufundi mtu mwenye haraka. Nilikiketisha kwenye siti ya Gerson, wima, nikakifunga mkanda. Gerson alisimama mpaka Igawa, aliposhuka mama mmoja. Hakunung'unika. Alinunua mahindi ya kuchoma akanipa.

Ukumbi ulijaa. Mzee Sosthenes alikaa mbele kabisa, mikono kifuani, kipimajoto chake mwenyewe mfukoni.

"Kamwene, binti. Kibao umekuja nacho?"

"Kipo ukutani, mzee. Kinakusubiri ukisome."

Nikawasha. Kompresa ikanguruma, kikombe cha shaba kikaota barafu nyeupe. Gerson akaanza kupandisha mwendo, taratibu, gigahezi nne, kisha tano, na jaribio la kuipima likaanza kukimbia kwenye kioo. Watu walisogea kuona, na pumzi zao zikaja nao. Matone yakaanza kuonekana juu ya mazabodi.

"Maji hayo!" Mzee Sosthenes akasimama. "Si nilisema?"

Tone moja likanenepa, likatetemeka, likateleza juu ya mafuta na kuangukia kitambaa cha meza. La pili likafuata. Kompyuta haikuwa na habari. Jaribio likafika mwisho, namba ya matokeo ikatokea, na Gerson, mume wangu mpole, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu tuoane.

Mzee Sosthenes alichomeka kipimajoto chake ubavuni mwa kikombe cha shaba. Akasoma. Akakifuta kwa shati, akachomeka tena. Thelathini na nne chini ya sifuri. Kisha akagusa tone kwa kidole, akalinusa.

"Umepaka nini hapa?"

Miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu swali la kazi.

"Kwanza lile neno, mzee."

Ukumbi ukaangua kicheko. Akawageukia watu, akakohoa. "Huyu ni fundi," akasema chinichini.

"Huku nyuma hatujasikia!" mtu akapaza sauti.

"Huyu ni Fundi Tumpe!" akanguruma mpaka madirisha yakatikisika. "Na nimemfundisha mimi!"

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye makubaliano yetu, na ndilo lililonitoa machozi. Nilifungua mkoba, nikampa kopo tupu la mafuta ya Goodness.