Ngano Iliyowapisha Wazee

Bibi Qamara wa Nangwa alipika makande, akayafunika kwenye bakuli la bati, akaondoka kwenda kumwona mdogo wake, Philomena. Hawakuwa wameonana tangu mavuno ya mwaka juzi. Njia ya zamani ilikuwa fupi, lakini trekta za shamba la ngano la serikali ziliilima, na sasa ilibidi kuzunguka shamba zima. Kila mara Bibi Qamara aliishia kona ya kwanza, anahema, miguu imevimba, akarudi.

Wazee wengi walihema hivyo na kulala wameketi. Wote walilaumu mzunguko. Kuulaumu kulikuwa na raha yake.

Siku hiyo, alipofika kwenye kona, ngano ilimpisha. Ilisogea huku na huku, ikaacha njia ya kutosha ng'ombe wawili. Patriki, dereva wa trekta, alizima injini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hii njia ni ya wote?"

"Mimi imenikatalia. Nadhani ni ya wazee."

Bibi Qamara akaingia. Njia ilikuwa tambarare, imenyooka, na bado alisimama kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi. Hapo alikasirika kidogo, maana hapakuwa na mzunguko wa kulaumu.

Alimkuta Philomena mlangoni, ameketi, anahema bila kwenda popote. Walikumbatiana, wakala makande, wakalinganisha miguu. Ya Philomena ndiyo iliyovimba zaidi, akajisifu mpaka pumzi ikamwishia.

Kufika Jumapili wazee walijaa kwenye ngano wakienda kutembeleana, wanasimama pamoja, wanahema pamoja. Watu wakawaletea vigoda. Hakuna aliyejua kwamba ni wengi kiasi kile. Kila mmoja alikuwa akihemea kwake.

Verediana, nesi wa zahanati aliyehamishwa kutoka Bukoba, aliwafuata hukohuko, akawasikiliza vifua mmoja mmoja.

"Siyo njia, bibi. Ni moyo. Umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanabaki miguuni."

"Na Philomena?"

"Naye."

"Na hawa wenzetu?"

"Karibu wote."

"Basi shamba tumelisingizia," alisema mzee Margwe, na wakacheka, kwa vituo.

"Dawa ipo?" aliuliza Bibi Qamara.

"Ipo Arusha. Nimeagiza tangu mwaka jana. Hapa nina ya malaria na ya minyoo."

Wakati huo ndege ya shamba ikatokea. Ngano ilikuwa imeonyesha ugonjwa wa kutu kwenye majani wiki ile, na dawa yake ilikuwa imeshafika. Ndege ilishuka chini, ikanyunyiza shamba lote vizuri. Ilipofika juu ya vigoda, rubani alifunga bomba kwa adabu, akalifungua tena mbele.

Bibi Qamara na Philomena, walioketi wameegemeana migongo ili wapumue, walimpungia mkono. Hakukosea kuwaruka. Ilikuwa dawa ya ngano.