Ufa wa Sitini na Mbili

Tangu Jumatatu chakula kilikuwa hakimshuki Naisula. Chai aliimimina akaisahau, simu aliishika akaiweka, na mara tatu aliinuka kitini katika ofisi yao ya Kitengela bila kujua anakwenda wapi. Mwenzake alimtania kwamba lazima kuna mwanamume. Laiti angekuwa mwanamume! Lilikuwa daraja.

Daraja lenyewe liko kwenye barabara ya vumbi iendayo Mashuuru. Ni la konkriti, kuukuu, na watu hulitaja kwa mwaka uliochongwa ukutani mwake: Sitini na Mbili. Wiki tatu nyuma, Injinia Naisula alikuwa amelikagua na kutia saini kwamba malori mazito yanaweza kuendelea kupita. Hesabu ilipita, ndiyo, lakini ilipita kwa unywele, na ilisimama juu ya sentensi moja aliyoiandika mwenyewe: ncha zote mbili za daraja hazina nyufa. Ncha ya kusini aliikagua kwa macho, kwa nyundo na kwa mashine ya kutafuta vyuma ndani ya konkriti. Ya kaskazini ilikuwa na dimbwi la maji ya kiunoni chini yake, naye alikuwa na haraka zake. Akaitazama kwa darubini kutoka ng'ambo. Ilionekana laini, akaandika. Sasa Jumatatu barabara nyingine ilikuwa imefungwa kwa ukarabati, na malori yote ya mchanga yakaelekezwa Sitini na Mbili.

Asiyejua atasema boriti ni boriti. Thubutu! Boriti ya daraja ina namna mbili za kufa. Inaweza kupinda katikati, na hiyo ni kama mgonjwa muungwana: hulalamika mapema, watu wakapata muda wa kukimbia. Au inaweza kukatika mshazari karibu na nguzo, pale mzigo wote unaposhukia, na kukatika huko hakubishi hodi. Kinachozuia ni ringi, zile pete za chuma zinazovikumbatia vyuma virefu. Wajenzi wa zamani walikuwa wachoyo wa ringi. Sitini na Mbili ilipewa moja pale ambapo leo fundi angefunga tatu.

Basi Ijumaa asubuhi Naisula aliwaaga wenzake kwa uongo mdogo, akaendesha gari mwenyewe, akavaa gambuti na kuingia majini. Dimbwi lilikuwa limepungua hadi magotini. Hatua kumi tu! Hatua kumi zilizokuwa zimemnyima usingizi juma zima.

Ukuta wa boriti ulikuwa laini kweli, kwa sababu ulikuwa umepigwa plasta. Na katikati ya plasta hiyo, kutoka kwenye nguzo kupanda kuelekea barabarani, ulikimbia ufa wa mshazari. Alichokonoa kwa bisibisi. Chini ya plasta ile palikuwa na plasta nyingine, nayo ilikuwa imepasuka palepale. Chini yake nyingine tena.

"Takwenya, Naisula!" Salamu hiyo ya Kimaasai ilitoka ukingoni. Alikuwa Nashipae, mdogo wa mama yake, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa, ambaye boma lake liko umbali wa kupiga kelele kutoka darajani.

"Iko, Yeyo," Naisula aliitikia; yeyo kwao ni mama.

"Sasa mbona unakwaruza kazi yetu?"

"Kazi yenu?"

"Kwani ya nani? Askofu alikuwa anakuja kufungua kanisa. Wageni wapite hapa waone ukuta imepasuka, waseme hakuna wanawake huku? Tulikuwa na simiti imebaki ya kanisa. Tukaziba."

Kwa Wamaasai nyumba ni ya mwanamke. Yeye ndiye huijenga, yeye huikandika, na ufa ukionekana aibu ni yake. Kina mama wa hapo walikuwa wamelitunza daraja kama nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kusimama chini ya lori la mchanga.

"Mmeziba mara ngapi, Yeyo?"

"Hii ni ya tatu. Hii ufa iko na kichwa ngumu! Tuliziba mwaka jana, tukaziba Disemba, na sasa hii ya askofu. Si ilikuwa tu ile Jumamosi kabla ukuje na mashine yako? Tulifurahi sana umeikuta safi."

Mainjinia wana desturi ya kuweka plasta juu ya ufa makusudi. Plasta ikibaki nzima, ufa umelala. Ikipasuka, ufa unatembea. Kina mama walikuwa wamefanya jaribio hilo mara tatu bila kujua, na mara zote tatu jibu lilikuwa moja. Akatoa kadi yake ya kupimia nyufa, akaibandika ukutani. Milimita moja nzima, na plasta haikuwa na mwezi.

Hapo ndipo lori lilipopita juu. Vumbi lilimwangukia nyweleni, na machoni pake mwenyewe midomo ya ufa ilisogea, ikasuguana, ikatulia.

"Toka hapo, Yeyo! Rudi nyuma!"

Alipanda ukingo akiteleza, akaingia garini, akaliegesha katikati ya barabara, likaziba kabisa mwanzo wa daraja. Akampigia simu bosi wake, Githongo.

"Lakini Naisula, si umesaini wewe mwenyewe?" Githongo alisema baada ya kumsikiliza. Halafu akapunguza sauti, kwa wema kabisa. "Sikiza. Andika kwamba wenyeji walificha ufa. Si ndiyo ukweli? Hiyo itakuokoa."

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Sentensi moja fupi, na kazi yake ingebaki, na jina lake lingebaki.

Lori la kwanza lilifunga breki kwa hasira. Dereva wake, Muturi, alitoa kichwa dirishani. Nyuma yake likasimama la pili, kisha pikipiki mbili, kisha watu waliokuwa wakienda zao wakaona heri wajue kuna nini.

"Madam, toa hiyo gari! Juzi tu mmesema daraja iko sawa. Leo ni mbaya? Nani alitudanganya?"

Naisula alifungua mdomo. Kabla hajasema, Nashipae alisogea mbele, shuka ameikaza mabegani.

"Ni sisi?" aliuliza polepole. "Ni ile simiti yetu?"

Watu wote wakamgeukia. Wengine walianza kunong'ona, na mzee mmoja akatikisa kichwa kana kwamba kesi imekwisha. Naisula alimwona mama yake mdogo akijikunyata mbele ya macho hayo, yeye ambaye hakuwahi kujikunyata mbele ya mtu. Walificha. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

"Si nyinyi," akasema. "Ningevuka maji nikagonga huo ukuta kwa nyundo, ungelia kama debe tupu, na ningejua. Sikuvuka. Niliandika kitu ambacho sikukiangalia."

"Sasa kwa nini hukuvuka?" Muturi aliuliza.

"Nilikuwa nachelewa saluni," Naisula akasema.

Mtu mmoja alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Muturi akafyonza, akazima injini.

Naisula alimgeukia Nashipae akitarajia, kama mtoto, kuguswa kichwa na kuambiwa pole. Nashipae hakumgusa.

"Wiki tatu," akasema.

"Ndiyo, Yeyo."

"Kila asubuhi mimi hupeleka wajukuu wangu, watoto wa Resian, shule. Tunapita hapa. Lori ikikuja, tunajibana kwa ukuta mpaka ipite." Akamtazama usoni. "Wakati ulikuwa unaandika, ulijua tunapita hapa?"

Naisula alitaka kuangalia chini, akashindwa.

"Nilijua," akasema.