Mikono Inayobaki Ofisini

Kila jioni, kabla ya kutoka ofisini, mwezeshaji huzima kompyuta, hufunga dirisha, kisha huchomoa mikono yake kwenye vifundo na kuilaza ndani ya droo ya pili, karibu na stepla. Wa kushoto huuchomoa kwa wa kulia, na wa kulia huuchomoa kwa meno. Droo huisukuma kwa goti. Getini mlinzi humtundikia begi shingoni, wanaagana, naye hushika njia ya nyumbani.

Ni mikono ya kusifiwa. Mwezeshaji hufundisha wanaume usawa wa kijinsia, na semina zake hujaa pomoni. Humvisha mwanasesere nepi huku akizungumza, humenya vitunguu bila kuvitazama, hupiga pasi blauzi mpaka kola inatulia. Wanaume wazima wamewahi kutokwa na machozi humo, na si kwa sababu ya vitunguu.

Anayoyafundisha yametokana na utafiti wa mkewe, ambaye ni mtafiti katika taasisi hiyohiyo. Mkewe alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani huamka wa kwanza na nani hukaa chini wa mwisho. Jioni ninayoisimulia, alikuwa amebakiza sura moja. Kesho yake angesoma matokeo mbele ya mkutano mkuu, na akisoma vizuri angepewa kitengo cha utafiti akiongoze. Alikitaka kitengo hicho kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Mlango uligongwa kwa kiwiko. Akafungua, mtoto wao wa kike akiwa amemning'inia kiunoni.

"Nikalie na mtoto saa moja tu, baba yake, nimalizie."

"Ningependa sana, mke wangu. Lakini si unaniona?"

Alimwona. Akamlisha, akamfuta mdomo, akambeba mtoto mgongoni na kwenda ofisini.

"Umesahau kitu, dada?" mlinzi aliuliza.

"Nimefuata mikono ya mume wangu."

"Ya droo ya pili hiyo. Angalia tu usichanganye na ya mkurugenzi, inafanana."

Aliikuta ina joto bado, inanukia sabuni ya semina. Akaitia mkobani, katikati ya chupa ya maziwa na kanga ya mtoto, akarudi nayo. Mumewe alishukuru, akaivaa, akakunja na kukunjua vidole. Kisha akachukua rimoti na kuongeza sauti ya televisheni.

"Basi mshike mtoto."

"Hii ni mikono ya kazi," alisema kwa upole. "Ikichoka leo, kesho nitafundisha na nini?"

Mtafiti hakukasirika. Zamani alikuwa akikasirika. Siku hizi hasira hupita kifuani kama mgeni aliyekosea nyumba.

Alfajiri mtoto aliamka na homa. Mmoja ilibidi abaki, na mikono ya mwezeshaji ilikuwa tayari kwa safari. Akaenda yeye mkutanoni, akasoma utafiti wa mkewe, sura ya mwisho akaijaza kwa ishara za vidole. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Mkurugenzi alimkabidhi kitengo papo hapo, akasema taasisi inahitaji mtu anayeishi anachokihubiri.

Jioni mlango uligongwa kwa kiwiko. Homa ya mtoto ilikuwa imeshuka.

"Wamenipa kitengo," mwezeshaji alisema, akikaa mezani. "Nilikutaja."

"Hongera," mkewe akasema. Hakusikia furaha wala uchungu. "Ofisi mpya ina droo?"

"Tatu, na zinafungwa kwa ufunguo."

"Vizuri. Fungua mdomo."

Alimlisha polepole, chakula kilikuwa cha moto. Mtoto, ambaye juzijuzi tu alijua kushika kijiko mwenyewe, alikuwa akiwatazama. Akachota katika sahani yake, akapuliza kama mama anavyopuliza, akanyoosha mkono upande wa pili.

Baba akageuka, akafungua mdomo.