Kiini cha Yai

Kazi yangu maabarani ilikuwa kuosha vyombo na kutunza panya. Waliniita Kimya, maana mtu akinisemesha najibu nikitazama sakafu. Shule niliiachia darasa la tano, lakini Daktari hakunidharau. Aliniita mdogo wangu. Alininyooshea mwandiko hadi nikaweza kujaza kadi za vizimba, na akaniruhusu kuchungulia kwenye hadubini.

"Tumbo nalo lina neva zake," aliniambia. "Kuna aina moja hapa, kazi yake siijui. Nimezitia rangi, zikifanya kazi zitawaka kijani. Mwaka wa pili huu, zimenuna tu."

Sheria ilikuwa panya walale na njaa kabla ya kupimwa. Asubuhi moja niliwaonea huruma watatu wa kizimba cha mwisho, nikawamegea kiini cha yai langu la kuchemsha. Saa nne Daktari akaniita. Utumbo wao ulikuwa umejaa vidoa vya kijani.

Nikamwambia ukweli kwamba niliwalisha. Akanishika bega. "Hiyo ni siri yetu. Nitakusimamia."

Wiki iliyofuata nilikuwa nikimimina chai kwenye kikao. Nikamsikia akieleza, "Nilishuku neva hizi huamshwa na chakula, nikaamua kuwalisha watatu."

Mkuu wa maabara akainua kadi. "Mbona hapa pameandikwa njaa?"

"Kadi anajaza huyu binti wa usafi, Mkuu. Kusoma kwenyewe kwa shida."

"Basi tuangalie," mmoja akasema, "asije akawapa panya chai, sisi akatuletea pumba."

Wakacheka. Daktari naye alicheka. Chupa ya chai ilikuwa mkononi mwangu, nikaendelea kumimina.

Mkuu akataka aone mwenyewe, Ijumaa. Daktari akawalisha panya chakula chao cha kawaida. Kijani hakikutokea. Akarudia mara tatu, wapi. Alhamisi akanifuata kwenye sinki, sauti imelainika.

"Mdogo wangu, siku ile uliwapa nini?"

"Siku ile hukuniuliza."

"Nauliza sasa."

Nikamtazama usoni. Sikumbuki kama niliwahi kumtazama hivyo.

"Si wewe uliyewalisha, Daktari? Mimi hata kusoma ni shida."

Maji yalikuwa yamejaa sinki. Nikafunga bomba.

Ijumaa asubuhi nilimenya yai langu mbele ya vizimba. Nikalila lote, na kiini chake.