Ukuta Usio na Nguzo

Kompyuta ilipotangaza kwamba ukuta wa wodi ya watoto utazuia joto zaidi hata ya alivyothubutu kuomba, Rula alikunja uso. Msanifu huyu wa majengo, aliyebandikwa jina hilo kwa kunyooka kwake, hakuamini neema isiyotoa jasho. Akauchambua ukuta tabaka kwa tabaka: mbao za nje, nyuzi za mbao za kuzuia joto, mbao za ndani. Nguzo hazikuwamo. Hata moja.

"Shemeji," alisema polepole, "paa hili limeshikwa na nini?"

Shemeji, mume wa dada yake na mchoraji wa ofisi, alikuwa akimenya chungwa juu ya ramani. "Mashine ilikuwa inakoroma. Nikaziondoa nguzo ihesabu upesi."

"Ukiziondoa, haizihesabu."

"Ndiyo maana ikawa upesi."

Rula alifumba macho. Nguzo hupitisha joto kuliko zile nyuzi. Ukuta usio nazo utakosaje sifa? Ni kama mtahiniwa asahihishiwe maswali mepesi tu. Akazirudisha. Matokeo yakaporomoka chini ya kiwango cha kamati ya ujenzi, na kamati ilikwisha kuapa: mbao zikishindwa, wodi itajengwa kwa zege, pamoja na moshi wote wa viwanda vya saruji aliokuwa akiupinga tangu alipoanza kazi.

"Tuongeze tabaka la nyuzi kwa nje, tuhesabu upya, ndipo tupeleke."

Shemeji aliacha kumenya. "Nimeshapeleka. Asubuhi."

"Bila kuniuliza?"

"Ulikuwa unanoa penseli, kaka. Ukinoa penseli huulizwi."

Alasiri hiyo, kikaoni, mwenyekiti wa kamati, mama mwenye sauti ya kengele, aliusifu mchoro mbele ya wote. "Mmetutoa kimasomaso," alisema. Chini ya meza Shemeji alimkanyaga Rula mguu. Rula akasimama hivyo hivyo, mguu ukimuuma.

"Mama, ukuta huo hauna nguzo. Matokeo yake si ya kweli."

Mwenyekiti akauweka mchoro mezani.

"Basi tumesifu kitu kisichoweza kusimama."

"Ndiyo, mama."

"Na kinachosimama kiko wapi?"

"Bado hakijahesabiwa."

"Kileteni kikao kijacho. Kikishindwa, ni zege, na nisisikie hotuba."

Katika ujia Shemeji alinong'ona kwa uchungu, "Ungenyamaza tu."

"Mimi ningenyamaza. Paa lisingenyamaza."

Waliporudi ofisini, Rula alimvutia kiti mbele ya kompyuta na kumwamuru asimike nguzo za ukuta mpya, wenye tabaka la ziada, moja moja, kwa mkono, bila kunakili. Baada ya kila nguzo mashine ilikoroma, na Shemeji akakoroma nayo. Simu yake ikalia.

"Ni dada yako. Anauliza nitarudi lini."

Rula hakuinua macho kutoka kwenye penseli aliyokuwa akiinoa.

"Mwambie umeshikilia paa."